Msinunue Pampu Kabla ya Kuupima Mchanga: Barua ya Wazi kwa Wanaoandaa Viwanja vya AFCON 2027

Kwa: Wajumbe wa kamati za maandalizi ya AFCON 2027 nchini Tanzania, Kenya na Uganda.
Nakala: Mameneja wa viwanja vya mechi na vya mazoezi, na maofisa michezo wa halmashauri.

YAH: MAJI YANAYOMWAGWA UWANJANI BILA KUINGIA ARDHINI

Waheshimiwa,

Mimi ni mtunza nyasi. Kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikiamka kabla ya adhana ya alfajiri kwenda kufungua maji kwenye viwanja vya mpira hapa Dar es Salaam. Viwanja navijua kwa nyayo: palipo laini, palipo pagumu, na pale ambapo ukoka huanza kukunja majani kabla jua halijawa kali. Sijawahi kuiandikia kamati yoyote. Leo naandika kwa sababu mashindano yanakaribia, fedha za viwanja zinapangwa, na liko jambo ambalo nikilinyamazia litatugharimu maji mengi. Uwanja ukikauka, sisi hukimbilia kuongeza maji kabla ya kuuliza kama ardhi inayapokea.

Mwishoni mwa mwaka 2022 mto Ruvu ulipungua na jiji letu likaingia kwenye mgao. Mnakumbuka foleni za madumu ya njano mitaani. Wakati huo nilikuwa nikitunza uwanja mmoja wa mazoezi, nisioutaja kwa kuwa lengo langu si kumshitaki mtu. Nyasi zilikuwa na mabaka makavu, mengine mapana kama mkeka, mengine ya ukubwa wa ungo. Agizo likatoka: ongezeni maji. Boza likaja. Tukamwagilia asubuhi, tukamwagilia jioni, na mabaka yakabaki vilevile. Siku ya tatu niliamua kuyafuata maji nione yanakokwenda. Niliyakuta yanatokea chini ya uzio na kuingia mtaroni, na kina mama wawili wameinama na makopo wanayachota. Mmoja wao, wa umri wa mama yangu, aliinua uso akaniambia, "Baba, kama nyasi zenu zimeshiba, si mtupe sisi?"

Nilimwamkia, nikashindwa kumjibu. Nikarudi uwanjani, nikachukua kisu na kukata kipande cha udongo penye baka, kina chake kama urefu wa kiganja. Juu palikuwa na majani na mchanga uliolowa, unene wa kidole kimoja. Chini ya hapo mchanga ulikuwa mkavu, unapeperuka kama unga wa muhogo. Nyasi hazikuwa zimeshiba hata kidogo. Maboza yale yote yalikuwa yamepita juu ya kiu yao na kwenda zake.

Tangu siku ile nimejifunza kwa nini hutokea hivyo, na ndiyo elimu ninayotaka ifike mezani kwenu kabla hamjasaini ununuzi wa pampu na matangi mapya.

Mchanga si rafiki wa maji kila siku. Viwanja vya kisasa hujengwa juu ya mchanga kwa sababu nzuri: maji ya masika hupita haraka, mpira ukachezwa hata baada ya mvua kubwa. Mfano unaofuatwa na wengi ulianzia kwenye gofu. Mwaka 1960 chama cha gofu cha Marekani, USGA, kilitoa maelekezo ya kujenga kitanda cha mchanga chenye kina cha takriban sentimita 30 juu ya kokoto, na wajenzi wa viwanja vya mpira wakachota humo mawazo mengi. Kwetu Pwani hata pasipojengwa hivyo, ardhi yenyewe mara nyingi ni ya kichanga.

Sasa, nyasi zikiishi juu ya mchanga huo kwa miaka, mizizi hufa na kuoza, majani yaliyokatwa hulala na kuoza, na kuvu hutandaza nyuzi zao katikati ya chembe. Katika kuoza huko hutoka vitu vyenye asili ya nta, vikajipaka juu ya chembe za mchanga. Mfinyanzi una chembe ndogo mno, na ukijumlisha nyuso zake zote ni eneo kubwa sana, kwa hiyo nta kidogo hupotea humo. Mchanga una chembe kubwa na nyuso chache. Nta hiyohiyo huufunika. Aliyewahi kumwaga maji juu ya jani la magimbi anajua kinachofuata: tone hujikusanya, husimama kama shanga, kisha huteleza bila kuacha alama. Chembe ya mchanga iliyopakwa nta huyafanyia maji hivyohivyo.

Jambo la kuogofya zaidi ni kwamba tabia hii huamka mchanga unapokauka. Ukiwa na unyevu wa kutosha, mchanga huohuo hupokea maji kwa utulivu. Unyevu ukishuka chini ya kiwango fulani, mlango hufungwa. Tazameni basi mgao wa maji unavyotufanyia. Siku nne hakuna maji, mchanga unakauka hadi ndani. Siku ya tano maji yanakuja, nasi tunayafungua yote kwa pupa, wakati uleule ambao ardhi iko tayari kuyakataa. Uhaba unazaa upotevu, na upotevu unazidisha uhaba.

Hata maji yanayofanikiwa kuingia hayaendi tunakotaka. Watafiti wa Uholanzi, Louis Dekker na Coen Ritsema, walichimba mchanga wa namna hii miaka mingi na kuonyesha kwamba maji hayashuki kwa pamoja kama shuka lililotandazwa. Hushuka kwa njia nyembamba mithili ya vidole, yakiacha sehemu kavu katikati. Mbolea nayo hufuata vidole hivyo, ikashuka chini ya mizizi kabla nyasi hazijaionja. Katika jiji ambalo watu wengi hunywa maji ya visima, mbolea inayoshuka bila kutumika si hasara ya uwanja peke yake.

Naomba tufanye hesabu pamoja, maana najua kamati husikiliza hesabu. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukimwagilia milimita 5, umetumia lita 35,700, yaani boza la lita 10,000 mara tatu na nusu na zaidi. Kwa madumu ya lita 20, hayo ni madumu 1,785. Tuseme sehemu moja tu kati ya tano inateleza kwenda mtaroni: ni lita 7,140, madumu 357, kwa umwagiliaji wa mara moja, kwenye uwanja mmoja. Zidisheni kwa viwanja vya mechi na vya mazoezi katika nchi tatu, kwa miezi yote ya maandalizi. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Haya hayazoleki kweli, lakini yanazuilika.

Ipo dawa ya kulowesha udongo, ambayo watunza viwanja vya gofu na vya mpira duniani wameitumia kwa miongo kadhaa. Mimi huiita kiloweshaji. Molekuli yake ina pande mbili: upande mmoja unapenda nta na mafuta, upande wa pili unapenda maji. Ikishuka mchangani, upande wa kwanza hushika nta kwenye chembe na upande wa pili hubaki nje ukiyaita maji. Ni kama mshenga kati ya nyumba mbili zisizosemeshana. Nta haiondoki, ila maji hupata pa kushika. Tone lililosimama kama shanga hulala, hutandaa, na kuzama. Unyevu husambaa kwenye eneo la mizizi badala ya kukimbilia mtaroni au kushuka kwa vidole.

Nisiwadanganye kwamba ni muujiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Riverside, John Letey akiwa mmoja wao, walionyesha kwamba kiloweshaji huharakisha maji kuingia kwenye udongo unaoyakataa, lakini kwenye udongo unaoyapokea vizuri chaweza hata kuyachelewesha. Sababu yake inaeleweka. Udongo mzuri huvuta maji kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, na nguvu ya mvuto huo hutokana na namna maji yanavyoshikamana yenyewe kwa yenyewe. Kiloweshaji hulegeza mshikamano huo. Kwa hiyo anayekimwaga bila kupima anaweza kulipa fedha ili ajiharibie.

Tena kiloweshaji hakiondoi chumvi iliyomo kwenye maji ya kisima cha Pwani. Hakilegezi ardhi iliyoshindiliwa na magari ya jukwaa la tamasha. Hakitibu udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, kama ule wa sehemu nyingi za Nairobi, ambao shida yake ni nyingine. Wala uwanja wa shule ya msingi hauhitaji kununuliwa dawa ya kutoka ng'ambo. Ukoka ni mmea mvumilivu: hukauka juu, ukahifadhi uhai kwenye vikonyo na mizizi, ukachipua mvua ikirudi. Ninachozungumzia ni viwanja vya mchanga ambavyo lazima viwe kijani na imara kwa siku iliyotangazwa, mbele ya dunia.

Na kuna jambo la kukemea. Nimeona watu wakisikia habari hizi wakachukua sabuni ya unga au ya vyombo, wakakoroga kwenye pipa na kumwagia nyasi. Povu linatoka, wanadhani kazi imefanyika. Sabuni hizo zilitengenezwa kung'oa mafuta kwenye sufuria. Zikikolea huunguza majani, na nyingi zina sodiamu, ambayo sisi wa Pwani tunayo ya kutosha ndani ya maji ya visima vyetu. Tafadhali msiruhusu mtu ajifunzie kwenye uwanja wa taifa kwa sabuni ya jikoni.

Ombi langu la kwanza ni kupima kabla ya kununua. Kipimo hakihitaji maabara wala mtaalamu wa kupanda ndege. Kateni vipande vya udongo vya kina cha sentimita 15 hivi, sehemu mbalimbali za uwanja, penye mabaka na pasipo mabaka. Viacheni vikauke kivulini kwa wiki moja au mbili. Kisha vilazeni, na kwa kichupa cha dawa ya macho kilichosafishwa dondosheni tone moja la maji safi kila baada ya sentimita mbili, kutoka juu kwenda chini. Hesabuni sekunde mpaka tone lizame. Ndani ya sekunde 5, udongo ni mzima. Kuanzia 5 mpaka 60, umeanza kukataa maji. Likipita dakika moja, ukataaji ni mkali, na yapo matone yanayokaa zaidi ya saa nzima. Kipimo hiki kinajulikana kote kwenye taaluma ya udongo. Kitawaambia pia ukataaji umefika kina gani, na hapo ndipo mtajua kama mnahitaji dawa, mnahitaji kutoboa, au hamhitaji chochote.

Ombi la pili ni kukiweka kiloweshaji mahali pake kwenye bajeti ya matunzo, pamoja na ndugu zake. Kabla ya dawa, ardhi itobolewe ili maji yapate milango. Tabaka la majani yaliyooza lipunguzwe, maana ndiko nta inakotoka. Mchanga mpya unaofanana na wa chini utandazwe kwa wembamba. Dawa imwagwe asubuhi wakati udongo una unyevu, si mchana jua likiwaka na nyasi zimenyauka, kisha ifuatwe na maji mapema iende mizizini isikauke juu ya majani. Kipimo kiwe kile kilichoandikwa kwenye lebo, si cha kukisia kwa kifuniko. Vijidudu vya udongoni huila dawa hii polepole, kwa hiyo hurudiwa kwa vipindi, kuanzia wiki chache hadi miezi kadhaa kulingana na aina. Anayeinunua mara moja kwa ajili ya picha za ufunguzi amenunua mapambo.

Umwagiliaji wenyewe nao ubadilike. Kwenye ardhi iliyokauka, maji ya dakika 20 mfululizo yatateleza. Mwagieni dakika chache, acheni yazame, rudieni. Mabaka yapewe maji kwa mkono, kwa mpira, na mtu anayeyatazama yakiingia. Vinyunyizi visiwashwe kwa uwanja mzima kwa sababu ya mabaka manne.

Katika kila uwanja mtakaotumia dawa, acheni kipande kimoja pembeni bila dawa, na fungeni mita kwenye bomba la uwanja. Kila wiki andikeni lita zilizotumika na unyevu wa kila upande. Baada ya miezi mitatu hamtahitaji maneno yangu wala ya muuzaji, daftari litasema. Likisema dawa haikusaidia, iacheni. Siombi mniamini, naomba mpime.

Ombi la tatu ni la watu. Agosti 2025 tulipokea mashindano ya soka ya CHAN katika nchi zetu tatu. Mechi ya kwanza ikachezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa na fainali Uwanja wa Kasarani, Nairobi. Mamilioni walitazama miguu ya wachezaji ikikanyaga nyasi. Chini ya kila hatua ile palikuwa na kazi ya mtu mwenye mashine ya kukata, toroli na mpira wa maji. Watu hao wapo katika viwanja vyenu vyote. Wengi ni vibarua, wanaondolewa mkataba ukiisha, na wanaondoka na kumbukumbu ya kila baka. Anayekuja baada yao huanza upya, akimwaga maji palepale pasipoingia. Wafundisheni kipimo cha tone, wapeni daftari, na wanapowaambia kwamba maji hayaingii, msiwajibu kwa kuwaletea boza la pili. Siku ile ya mwaka 2022 nilijua kuna tatizo tangu asubuhi ya kwanza, kwa sababu ardhi chini ya nyayo zangu ilibaki ngumu dakika chache baada ya kumwagilia. Nilinyamaza kwa kuwa hakuna aliyeniuliza, na mimi niliogopa kuonekana najua kuliko bosi. Siku tatu za maji ya watu zilipotea ndani ya ukimya huo, na sehemu yangu ya lawama naibeba.

Najua mtakuwa na mikutano mingi kuhusu viti, taa, barabara na hoteli. Pampu kubwa inapendeza kwenye ripoti, inapigwa picha na kukatiwa utepe. Kiloweshaji ni dumu lisilo na sura, na kipimo chake ni tone la maji. Lakini pampu kubwa kwenye mchanga uliofunga mlango hufanya kazi moja tu kwa uhakika: hupeleka maji mtaroni kwa kasi zaidi. Na mtaro ule unapita nyuma ya nyumba za watu wenye madumu matupu, watu haohao ambao tunawaomba washangilie.

Kwa hiyo mtakapokuja kukagua, msije na makabrasha peke yake. Njooni na chupa ya maji ya kunywa. Mwambieni mtunza nyasi awakatie kipande cha udongo penye baka, palepale palipokauka. Kitakuwa bado hakijapimwa kwa utaratibu wote niliousema, lakini kitatosha kwa kuanzia. Dondosheni tone moja, inameni mlitazame, na mhesabu kimoyomoyo. Mkifika tano nalo bado limesimama, ahirisheni hati ya pampu, muulizeni huyo aliyeshika kisu.

Wenu katika kazi,
Mtunza nyasi,
Dar es Salaam